Doa la jinzi si deni la binti wa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa fupi, na hii yangu si fupi. Ukiona imezidi, punguza mwanzo au mwisho utakavyo, ila pale penye habari ya mshahara wa binti paache palivyo.

Mimi ni fundi makochi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ni mwanamke, na nalisema hilo mapema kwa sababu mteja mpya akifika kibandani kwangu huniuliza fundi katoka saa ngapi. Huu ni mwaka wangu wa 22 kwenye kazi hii. Nafunga springi, nabadilisha vitambaa, nashona ngozi iliyochanika, lakini miaka ya karibuni kinacholeta watu wengi kuliko vyote ni madoa ya rangi kwenye makochi meupe. Zamani mtu wa Mbeya alinunua kochi la kahawia au la damu ya mzee, na alikuwa na akili zake, maana huku kwetu kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Siku hizi kila sebule inataka krimu, rangi ya maziwa, rangi ya mchanga. Yanapendeza, sikatai. Ila kochi la namna hiyo halifichi kitu, na doa likishaonekana lazima atafutwe mtu wa kulibeba. Katika nyumba ninazoingia, mtu huyo karibu kila mara ni binti wa kazi.

Machi mwaka huu niliitwa nyumba moja huku mtaa wa Forest. Mwenye nyumba simtaji, wala sisemi anafanya kazi wapi. Seti ya watu saba, ngozi halisi, krimu. Kwenye kochi la watu watatu, mto wa pembeni unaotazamana na televisheni ulikuwa na doa la bluu kubwa kama sahani ya wali, na nyuma yake, kwenye kuegemea, ukungu hafifu wa bluu hiyohiyo.

"Fundi," akaniambia, "nipigie bei ya kupaka rangi upya mto mzima. Uniandikie kwenye karatasi kabisa, nimwonyeshe huyu. Nitamkata kidogo kidogo."

Huyu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, binti wa miaka kama 19, mtu wa Ludewa, kitenge kiunoni, mikono bado ina povu la vyombo. Kosa lake, nikaelezwa, ni kwamba wenyewe wakitoka anajilaza pale kutazama tamthilia, na kitenge chake kinachuja. Kitenge kweli kilikuwa cha bluu. Binti hakujitetea. Alisema "Shikamoo mama," nikaitikia, akainamisha kichwa. Mimi ni Mbena wa Njombe. Nikamwambia "Kamwene", salamu ya huko kwetu, polepole, akainua macho mara moja, kisha akayarudisha chini.

Nikapiga magoti nilitazame doa. Watu hawatazami madoa, Mhariri. Wanayaona tu. Lile lilikuwa mapande mawili ya duara yaliyokaribiana, katikati yake msitari mwembamba usio na rangi. Upande wa kulia, ndani ya bluu, kulikuwa na umbo la pembe nne lililokolea zaidi, lenye ukingo ulionyooka kama mshono. Kwenye kona yake, mkwaruzo mdogo kama punje ya mtama, na sentimita kumi na kitu kutoka hapo, mkwaruzo wa pili unaofanana nao. Hayo ni makalio mawili, mfuko wa nyuma, na vile vifungo vya shaba vinavyokazia kona za mfuko. Kitenge hakina mfuko. Kitenge hakina kifungo.

Sikusema hivyo. Nilitoa kipande cha fulana nyeupe mfukoni, nikamwomba binti pindo la kitenge, nikalisugua kavu mara ishirini. Kitambaa kikabaki cheupe. Nikakilowesha, nikasugua tena. Kikatoka na unjano kidogo tu, basi. Kile kitenge kilikwisha kufuliwa hata kikalainika kama khanga ya bibi. Rangi yake ya kuchuja iliondoka na maji siku nyingi. Ndipo nikauliza ni nani humu ndani ana jinzi mpya.

"Jinzi tunavaa wote," akasema mwenye nyumba.

Mtoto wa miaka sita hivi, aliyekuwa akichora pale chini, akasema, "Ya kaka."

Kaka yuko chuo, alikuwa nyumbani likizo. Suruali ikaletwa, bluu nzito inayokaribia weusi, bado ngumu. Nikachukua upande safi wa fulana, mkavu, sikuulowesha hata kidogo, nikasugua paja la suruali mara tano. Ukatoka wa bluu. Kidole gumba changu nacho kikawa cha bluu. Nikachomoa uzi pale pindo linapoanza kufumuka, nikaukata kwa meno na kumwonyesha mama yule: nje bluu, kiini cheupe pe.

Hapo ndipo penye siri yote ya jinzi. Rangi yake ni nili, na nili haiyeyuki kwenye maji. Kiwandani huichanganya na dawa mpaka ikubali kuyeyuka, inakuwa ya kijani kinachoelekea unjano, uzi unachovywa humo na kutolewa, na ukikutana na hewa ndipo unageuka bluu. Unachovywa mara kadhaa hivyohivyo, lakini rangi inaishia juu juu. Haifiki kwenye kiini. Kwa hiyo inaukalia uzi kama masizi yanavyoukalia ukuta wa jiko. Ndiyo maana jinzi hupauka magotini kwa uzuri ule vijana wanaoupenda, na ndiyo maana inachafua hata ikiwa kavu. Ikiwa na unyevu ni mbaya zaidi, na Machi ya Mbeya nani asiyeijua. Suruali nzito inaanikwa siku tatu na kiunoni bado mbichi, au mtu anashuka kwenye bodaboda kaloa, anaketi vilevile mbele ya televisheni saa tatu nzima. Joto la mwili, uzito wa mwili, unyevu, na suruali haijawahi kuonja maji ya kufulia. Angevaa ya mtumba yasingempata, maana ile imekwisha kumchafulia mwenzake huko ilikotoka.

Mama yule aliuangalia ule uzi. Akanirudishia.

"Sasa fundi, unatoa au hutoi?"

Natoa, nikasema. Kisha nikauliza kilichopakwa pale kabla yangu, maana juu ya bluu niliona eneo limefifia na kukosa mng'ao, kama kioo kilichopulizwa pumzi. Ilikuwa dawa ya meno. Aliyeagiza ipakwe ni mama mwenyewe, aliona kwenye simu. Aliyesugua, kwa brashi ya nguo, ni binti. Na hasara ya kusugua nayo ilikuwa inaingia kwenye hesabu ya binti.

Nitakueleza nilivyolitoa, Mhariri, kwa sababu wasomaji wako wengi wana makochi ya aina hiyo, na nisipoeleza, nao watakwenda kuuliza simu.

Kwanza nilifungua zipu ya mto nitazame ngozi kwa nyuma. Ngozi ya kweli nyuma ina manyoya manyoya ya nyuzinyuzi, kama upande wa ndani wa mkanda mzuri. Leza, yaani ngozi ya bandia, nyuma yake ni kitambaa kilichofumwa, unaona kabisa nyuzi zikipishana. Hapa nina ugomvi wa pembeni na wauza makochi, sio wa mji huu tu: mtu anauziwa leza kwa bei na jina la ngozi, halafu mimi ndiye wa kumpa msiba. Leza nyingi ni plastiki iliyotiwa mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huivuta rangi ya nguo mpaka ndani. Ukiwahi siku hiyohiyo kwa povu la sabuni utaokoa kitu. Likikaa wiki mbili, mimi sichukui pesa yako; nakushauri ubadilishe gamba au ununue kitambaa cha kufunikia.

Halafu nikadondosha tone moja la maji nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana. Likakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. Maana yake ngozi ile imepakwa rangi ya krimu na juu yake utando wa kinga, na ndivyo makochi mengi ya ngozi nyeupe yalivyo. Tone lingezama na kuacha kivuli, hiyo ni ngozi isiyo na utando, inanyonya kila kitu, na hapo ningemwambia asiiguse kwa lolote mpaka tutazame vizuri. Utando huo ndio wa kuulinda kuliko kitu chochote. Doa la jinzi mara nyingi limeketi ndani ya utando, halijafika kwenye ngozi. Ukiukwangua utando kwa kulifukuza doa, umefukuza mwizi kwa kubomoa nyumba.

Nilichotumia: maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, shampuu ya watoto wachanga matone machache, fulana nyeupe kuukuu zilizofuliwa. Nyeupe, nasisitiza, kwa sababu nimeona mtu akitoa doa la bluu kwa kitambaa chekundu. Unapiga maji mpaka povu liumuke, unachota povu peke yake, maji unayaacha kwenye bakuli, na unafuta kwa mzunguko mdogo kuanzia ukingoni kuja katikati ili doa lisitanuke. Hukandamizi. Unafuta, unageuza kitambaa upande safi, unatazama. Fulana yangu ya kwanza ilitoka bluu ya mbingu. Ya pili nayo. Ya tatu ikaanza kupauka. Kila baada ya raundi nilipitisha kitambaa chenye maji matupu kilichokamuliwa sana, kisha kikavu, nikaacha dirisha wazi. Mto usiuanike juani, ngozi hukakamaa na kupasuka. Shughuli hiyo ilichukua asubuhi nzima, na binti alinisaidia kubadilisha maji bila kuambiwa, kila yalipoanza kuchafuka.

Kanuni yangu ni moja: maadamu kitambaa kinatoka na bluu, endelea, kikitoka cheupe na doa bado lipo, povu limefika mwisho wa uwezo wake, acha kusugua. Watu hapo ndipo hukasirika na kuongeza nguvu.

Bluu iliyobaki niliiendea kwa spiriti, na hii nisingependa mtu aifanye kwa haraka. Unajaribu kwanza nyuma ya kochi. Unatumia vile vijiti vya pamba vya masikioni, unachovya, unakikausha kidogo kwenye kitambaa, unakiviringisha juu ya doa, kukiviringisha kama unavyoviringisha sigara ya msokoto, si kusugua. Kijiti kimoja, mpito mmoja, unakitupa. Macho yako yawe kwenye pamba. Pamba ikiwa ya bluu, doa linakuja. Pamba ikianza kupata krimu, simama hapohapo, maana sasa unachokitoa ni rangi ya kochi lenyewe. Nilitumia vijiti kama arobaini. Kwenye kijiti cha arobaini na moja niliona ukungu mwembamba wa krimu na nikafunika chupa.

Doa likawa limeondoka karibu lote. Kilichobaki ni kile kiraka cha dawa ya meno. Dawa ya meno ina ungaunga wa kusugulia, ndiyo kazi yake mdomoni, na kwenye ngozi inafanya kama msasa mlaini. Pale utando ulikuwa umesagika, na bluu ilizama zaidi hapo kuliko kwingine. Nilibeba mto kwenda nao kibandani, nikausafisha mafuta, nikapitisha msasa mlaini sana pale tu, nikachanganya rangi ya ngozi mpaka ikafanana na krimu ile. Kufananisha krimu ni adhabu, krimu ziko elfu. Nikapaka tabaka nyembamba nne kwa sponji, nikamalizia na utando mpya.

Vitu vingine watu wanavyotumia nimeviona matokeo yake yote. Jiki inaila rangi, inaikausha ngozi, na baada ya miezi unapata manjano na nyufa. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, huondoa doa na krimu kwa mpigo mmoja. Sabuni ya mche na ya unga ni kali. Ngozi kwa asili yake ina uchachu kidogo, na ukali wa sabuni ya kufulia ni kinyume chake, kama ilivyo kwa magadi. Mafuta ya taa na petroli sitaki hata kuzungumzia, tena ndani ya nyumba. Mafuta ya kupikia na ya kujipaka yanalitia giza kochi na kunasa vumbi. Kuna sponji nyeupe za kisasa zinazosifiwa sana. Nazo ni msasa, ila msasa mpole.

Nimejifunza wapi kutazama madoa? Kwa baba. Alikuwa mmenya magome ya miwati Njombe, kwenye mashamba ya Tanganyika Wattle, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949. Miwati si miti yetu, asili yake ni Australia, lakini sisi watoto wa Njombe hatukujua hilo, tulijua ni ya kwetu kama ulezi. Kwenye magome yake inatoka dawa ya kusindikia ngozi. Jioni baba alirudi mikono myeusi na mama alikuwa akimsugua kwa majivu bila mafanikio. Haukuwa uchafu. Maji ya gome la mwati yakikutana na chuma, na yeye siku nzima kashika panga lililolowa, hugeuka meusi kama wino. Ilibidi tungoje mpaka ngozi ya mkono ijitoe yenyewe.

Miaka mingi baadaye mzee mmoja huku Uyole aliniletea kiti cha ofisini cha zamani, ngozi ya rangi ya asali, chenye duara jeusi katikati. Binti wa kazi alikuwa amekwisha kufukuzwa kwa kuweka sufuria ya mkaani juu ya kiti. Nilipoliona lile duara niliiona mikono ya baba. Makochi mengi ya dukani siku hizi ngozi yake imesindikwa kwa chumvi za kromiamu, lakini kiti kile cha kale kilikuwa cha ngozi ya magome. Nikamwuliza mzee kama kuna kopo lililowahi kuwekwa pale. Akafikiri. Akasema dirisha lilivuja masika na yeye mwenyewe aliweka kopo la rangi, la chuma, kukinga maji. Kopo likapata kutu. Masizi yangefutika kwa kitambaa. Lile duara lilikuwa wino ulioivia ndani. Mzee alikaa kimya muda mrefu, akaniambia, "Na yule mtoto alikwenda wapi sijui."

Sasa habari ya mshahara. Mteja wangu mmoja mstaafu, aliyewahi kushughulika na mambo ya wafanyakazi, alinisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Nikamwomba aisome mara mbili. Mwajiri hawezi kumkata mtu mshahara kwa sababu tu amekasirika. Makato ya kufidia hasara yanataka mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Aandikiwe chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Binti wa Ludewa alikuwa amekwisha kukatwa mwezi mmoja kabla sijafika, nusu nzima, kwa mdomo tu, akiwa kashika ndoo.

Mabinti hawa wengi wanatoka kwetu, Njombe, Iringa, Mufindi, Ludewa, Makete. Nchi nzima inajua hivyo na inatutania kwa hilo. Utani nauvumilia. Lakini nikiona binti anaelekezewa kidole kwa doa la suruali ya mtu mwingine, nashindwa kukaa kimya kama fundi na nashindwa kama mtu wa huko.

Basi, nilipomaliza nikaandika ile karatasi, kwa kuwa mama alitaka karatasi. Niliandika hivi: "Kutoa doa la suruali ya jinzi, Sh 20,000. Kutengeneza ngozi iliyokwanguliwa na dawa ya meno, Sh 35,000." Nikatia sahihi na tarehe. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi. Alinilipa yote bila kuomba punguzo, hilo nampa. Nikauliza na ile pesa ya binti itakuwaje.

"Hayo ni ya ndani, fundi."

Nimerudi pale baada ya Pasaka kupaka mafuta ya ngozi na kuangalia kama utando umeshika. Umeshika vizuri, huwezi kujua pa kuanzia wala pa kuishia. Geti alinifungulia binti mwingine. Yule wa Ludewa, akaniambia, hakumkuta. Juu ya kochi la watu watatu palikuwa pametandikwa kitambaa kipya cha kufunikia, chekundu, na nikamwambia huyu mpya akifue peke yake mara tatu kabla hakijakaa pale tena, halafu akisugue na kitu cheupe chenye maji aone. Zile fuma nyeupe za mama zetu tulizozicheka zilikuwa bora kuliko hivi vya rangi, hazina cha kuchuja. Na jinzi mpya ifuliwe peke yake, imegeuzwa ndani nje, mara mbili tatu kabla ya kukalia chochote cheupe. Chumvi na siki mnavyoweka haviishiki nili. Mnatia ladha kwenye maji tu.

Wasomaji wako wa Mbeya, kabla hawajamkata mtu, waniletee mto wenyewe na nguo zote za watu wa nyumba hiyo, za wakubwa pia, kwenye mfuko mmoja. Fulana nyeupe ninazo. Kutazama sitozi.

Fundi makochi,
Mwanjelwa, Mbeya
(Jina limehifadhiwa)